Kabla ya Kufuga Kuku, Tembea Uone

Huenda umeanza kuwaza kufuga kuku. Mtoto wako anahitaji yai. Madaftari ya shule yanahitaji fedha. Mgeni akija, unataka uwe na kitoweo. Wazo lako ni zuri. Lakini usikimbilie gulioni. Kabla ya kununua kuku hata mmoja, nenda kwanza ukawatembelee watu wanaofuga.

Labda utauliza, "Huu ni ukurasa wa afya. Kuku wanaingiaje hapa?" Wanaingia kwa njia mbili. Kuku wakitunzwa vizuri, watu wa mji wanapata mayai na nyama. Kuku wakitunzwa vibaya, watoto wanapata kuhara, na fedha ya nyumba inapotea.

Tuchukue mfano. Mtu mmoja ameuza pamba yake. Anakwenda gulioni na kununua kuku 12 kutoka kwa wauzaji watano. Akifika nyumbani anawafungulia uani. Kuku wanachakura pamoja na kuku wa majirani. Baada ya siku chache mmoja anazubaa. Mabawa yameshuka, anahara kijani, anapumua kwa shida. Mwingine shingo imepinda. Juma la pili halijaisha, wote 12 wamekufa. Kuku wa majirani nao wanakufa. Fedha ya pamba imekwenda, na ujirani umeingia doa.

Ugonjwa huo ni mdondo. Wengine huuita kideri. Unaletwa na virusi. Ulitambuliwa mwaka 1926 karibu na mji wa Newcastle huko Uingereza, na pia katika kisiwa cha Java. Leo uko karibu dunia nzima. Hauna dawa ya kuutibu, lakini una chanjo. Mtu yule wa mfano wetu hakuwa mvivu. Hakuuliza tu.

Kuuliza ni desturi yetu ya zamani. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walikaa katika vikundi kufuata masomo ya redio ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakatenda. Mwaka 1975 yakafuata masomo ya Chakula ni Uhai. Sisi nasi tufuate njia hiyo: tuone, tujadili, ndipo tutende.

UWATEMBELEE NANI?

Usiende kwa mtu mmoja tu. Nenda angalau kwenye miji mitatu.

Kwanza, nenda kwa mtu mwenye kuku wachache wa kienyeji, mwenye hali kama yako. Huyo atakuonyesha unaloweza kulifanya kwa uwezo wako.

Pili, nenda kwa mtu mwenye kuku wengi. Huenda ana kuku wa kienyeji, au kuku chotara kama Kuroiler na Sasso. Chotara wanakua upesi na kutaga mayai mengi kuliko wa kienyeji. Lakini wanataka chakula zaidi, na kwa kawaida hawaatamii vizuri. Muulize anapata wapi vifaranga wengine, na chakula kinamgharimu kiasi gani kwa mwezi.

Tatu, nenda kwa mtu aliyefuga akashindwa. Wengi wetu humpita huyu, kumbe ndiye mwalimu mkubwa. Usimcheke. Mwambie, "Ndugu yangu, nataka kuanza. Nisaidie nisianguke pale ulipoanguka wewe."

Ukifika, salimia kwa heshima na ueleze nia yako. Kisha mwombe baba mwenye mji ruhusa ya kuzungumza na mama na watoto pia. Katika miji mingi mama ndiye anayefungua banda asubuhi, na watoto ndio wanaojua kuku gani anataga kichakani. Ukizungumza na baba peke yake utarudi na nusu ya habari.

UENDE SAA NGAPI?

Nenda asubuhi na mapema banda linapofunguliwa, au jioni kuku wanapoingia kulala. Mchana kuku wametawanyika na huwezi kuona mengi. Asubuhi utaona kinyesi cha usiku. Utasikia harufu ya banda. Utaona kama kuku wanatoka wakikimbia au wanatoka wakijikokota.

UANGALIE NINI?

Angalia banda. Je, linaingiza hewa? Linavuja? Kicheche, paka au nyoka anaweza kuingia? Banda lililoinuliwa juu ya nguzo hukaa kavu na husafishwa kwa urahisi. Angalia nafasi pia. Kuku 5 au 6 wakubwa wanahitaji eneo la mita 1 kila upande. Wakisongamana wanaambukizana magonjwa na kudonoana.

Angalia maji. Je, ni safi? Chombo kimeoshwa? Au kuku wanakunywa kwenye dimbwi?

Angalia chakula. Wengine hutumia pumba za mahindi, majani mabichi na dagaa waliovunjika kutoka ziwani. Wengine huotesha mchwa kwa ajili ya vifaranga: wanageuza chungu chenye samadi na mabua yaliyoloweshwa juu ya tundu la mchwa, na kesho yake wanakifunua. Haya ni maarifa yasiyo na gharama. Lakini ukiona mahindi yenye ukungu yanapewa kuku, usiige. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, nayo hudhuru kuku na watu.

Angalia wapi watu wanalala na wapi kuku wanalala. Hili usilisahau. Tutalirudia.

UULIZE NINI?

Swali la kwanza ni hili: "Kuku wako wa mwisho kuangua, alitoa vifaranga wangapi? Na walipofika miezi miwili, walibaki wangapi?"

Hebu tufanye hesabu. Kuku huatamia siku 21. Tuseme katika mji wa kwanza kuku alitoa vifaranga 10, wakabaki 3. Waliokufa ni 7. Katika mji wa pili kuku alitoa vifaranga 10, wakabaki 8. Waliokufa ni 2. Kuku wote wawili ni wa kienyeji, na walitoa vifaranga sawa. Kwa nini mmoja amebakiwa na 3 na mwingine na 8?

Ukiuliza zaidi, huenda utaambiwa kuwa katika mji wa kwanza vifaranga huzurura na mama yao tangu siku ya kwanza. Mwewe anachukua, mvua inaua, kicheche anamaliza. Katika mji wa pili vifaranga hufunikwa kwa tenga mchana, wakapewa maji na chakula humo, na usiku hufungiwa pamoja na mama yao. Basi umepata somo: faida ya kuku wa kienyeji inapotea zaidi kwenye vifaranga. Tenga moja laweza kukufaa kuliko kununua kuku wengine watano.

Swali la pili: "Mara ya mwisho ulichanja lini?" Chanjo ya mdondo inayoitwa I-2 hutengenezwa hapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo inafaa vijijini. Hutiwa tone 1 katika jicho 1 la kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Kuku aliyekwisha ugua hapone kwa chanjo. Uchanje wakiwa wazima, kabla ugonjwa haujafika.

Swali la tatu: "Mnachanja pamoja na nani?" Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa mji mmoja. Ikikwisha changanywa haikai siku nyingi. Kwa hiyo majirani huchanga fedha na kuchanja siku moja. Wewe ukichanja peke yako, gharama inakulemea na mdondo unabaki kwa jirani. Kama kijiji chako hakina mpango huu, muulize afisa mifugo wa kata yako.

Swali la nne: "Ukipewa dawa ya kuku, mayai unayafanyaje?" Dawa nyingine hubaki kwenye mayai na nyama kwa siku kadhaa. Maelezo ya dawa husema ni siku ngapi za kusubiri. Siku hizo mayai yasiliwe wala yasiuzwe. Pia vidonge vya watu si vya kuku.

ANGALIA USIBEBE UGONJWA

Ndugu msomaji, kutembelea wafugaji kuna hatari yake. Ugonjwa wa kuku husafiri kwa miguu ya watu, kwa viatu, kwa matenga na kwa magurudumu ya baiskeli. Mgeni anaweza kukanyaga kinyesi katika mji mmoja akakipeleka mji mwingine.

Kwa hiyo tembelea mji mmoja kwa siku. Osha miguu na viatu kwa maji na sabuni kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Ukisikia kwamba kuku wa mji fulani wanakufa, usiingie. Watumie salamu za pole, uende siku nyingine.

Kuna jambo jingine. Huku kwetu mgeni huheshimiwa. Huenda mwenyeji wako atakamata kuku na kukupa. Kumkatalia ni vibaya. Mpokee na ushukuru. Lakini kumbuka methali: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wazee walimfunga asipotee. Sisi tuna sababu ya pili. Mfunge au mweke katika tenga peke yake, mbali na kuku wengine, na chombo chake cha maji, kwa siku 14. Kama ana mdondo, kwa kawaida utajitokeza katika siku hizo. Kuku unayemnunua gulioni naye umfanyie hivyo hivyo.

Kuku akifa kwa ugonjwa, asiliwe wala asitupwe kichakani. Mchome moto au mfukie katika shimo refu. Manyoya na matumbo yakitupwa ovyo, mbwa huyasambaza na ugonjwa unaenea.

KUKU NA AFYA YA WATOTO

Sasa turudi kwenye swali la mahali pa kulala. Watu wengi hulaza kuku ndani kwa kuogopa wezi na vicheche. Hofu yao ni ya kweli. Lakini kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoleta kuhara. Mtoto anayetambaa hushika kinyesi, kisha hutia mkono mdomoni. Mtoto anayehara mara kwa mara hakui vizuri, hata ukimpa mayai. Hapo kuku wametoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine.

Basi jenga banda kwanza, karibu na nyumba ili usikie wezi, lakini nje ya chumba cha watu. Fagia uwanja kila asubuhi. Mtoto mdogo mtandikie mkeka mahali kuku hawafiki. Weka kibuyu chirizi na sabuni karibu na banda, na kila anayegusa kuku au mayai anawe.

Hapa kwetu Chato na Geita tuna jambo la ziada. Tuko katika ukanda wa dhahabu. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na zebaki ni sumu. Usijenge banda karibu na mahali dhahabu inapooshwa au kuchomwa, wala usiache kuku wachakure kwenye marudio. Kuku hula udongo, na wewe unamla kuku.

Kuku wakianza kutaga, usiuze mayai yote. Mtoto aliyetimiza miezi 6 na mama mjamzito wanahitaji yai, lililochemshwa mpaka likaiva vizuri. Zipo desturi zilizowakataza wanawake na watoto kula mayai. Desturi hizo hazina msingi wa kiafya. Yai hujenga mwili.

SASA AMUA

Baada ya kutembelea miji mitatu, kaeni nyumbani na kujadili, baba, mama na watoto. Nani atafungua banda? Nani atateka maji? Fedha ya chanjo itatoka wapi? Kama majibu yapo, jengeni banda, kisha mwanze na mitetea 3 au 4 na jogoo 1, kutoka mji mliouona kuwa na kuku wazima. Kama majibu hayapo, subirini. Kusubiri msimu mmoja si hasara. Hasara ni kufukia kuku 12.

Na ukifanikiwa, siku moja atakuja mtu kubisha hodi kwako. Mkaribishe. Mpe maji ya kuosha miguu. Mwonyeshe yote, hata yale uliyokosea.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kitongoji chetu, vifaranga wengi hufa kwa sababu gani? Tunaweza kuzuia ipi leo?
2. Ni miji mingapi inaweza kuchanga fedha ili kuchanja pamoja? Nani atamwona afisa mifugo?
3. Kuku mgeni akifika katika mji wako, utamweka wapi kwa siku 14?
4. Watoto wetu wadogo hucheza wapi, na kuku hushinda wapi?