Kuzamia kwa Mtungi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoka Beni

Ukiwa hapa Mulekera, mjini Beni, ukaona kwenye simu watu wakielea kati ya samaki na mtungi mgongoni, huenda umejiuliza kama na wewe unaweza. Unaweza. Si lazima uwe mzaliwa wa pwani. Unahitaji afya nzuri, kujua kuogelea, pesa za kutosha na mwalimu mwenye cheti. Ila sisi watu wa milimani tuna hesabu moja ambayo mtu anayeishi Mombasa au Unguja hana haja nayo kila siku, na hiyo nitakaa nayo zaidi.

Kwanza, mtungi una nini ndani? Wengi hudhani ni oksijeni tupu. Sivyo. Ni hewa hii hii tunayovuta barabarani, iliyochujwa, ikakaushwa, kisha ikashindiliwa kwa nguvu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kawaida hubeba hewa ipatayo lita 2,400. Inakufikia mdomoni kupitia regulata, kifaa kinachopunguza nguvu ya hewa ili uivute bila shida. Mrija mrefu wa kutoka juu hauwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu kina cha mita moja tu kinatosha maji kukibana kifua hadi misuli ishindwe kuvuta pumzi. Na tafadhali, asikudanganye mtu kwamba kompresa ya kujazia matairi ya pikipiki inaweza kujaza mtungi wa kuzamia. Hewa yake huchanganyika na mvuke wa oili, na ikiwa injini iko karibu, huingia pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Maji yanaufanya nini mwili? Wanasayansi husema kanieneo huongezeka, yaani maji yanakubana kila upande, na kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyozidi kukubana. Baharini, ukifika mita 10, mbano huo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 20, mara tatu. Hewa nayo husinyaa chini na kutanuka unapopanda. Mapafu yenye lita 6 za hewa kwenye mita 10 yangehitaji nafasi ya lita 12 ukifika juu. Ukifunga pumzi huku unapanda, yanaweza kuchanika, hata kama umetoka kina cha mita chache tu. Ndiyo maana kanuni ya kwanza utakayofundishwa ni hii: pumua muda wote, usizuie pumzi kamwe. Masikio nayo hubanwa. Unafinya pua na kupuliza taratibu kila unaposhuka kidogo. Yakiuma, simama, panda kidogo, ujaribu tena. Mwenye mafua asizamie siku hiyo.

Mengine utayaona mwenyewe. Rangi nyekundu ndiyo hupotea kwanza, kwa hiyo kidonda kikitoa damu chini huko, damu huonekana kama ya kijani. Samaki huonekana mkubwa na wa karibu kuliko alivyo. Sauti hukimbia zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, hata huwezi kujua injini ya mtumbwi inatoka upande gani. Kwa hiyo tazama juu kabla ya kuibuka.

Sasa, pa kujifunzia ni wapi? Ziwa Edward ndilo lililo karibu nasi, na moyo utakuvuta huko. Nakushauri usijifunzie hapo. Maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mwani, huoni mbali. Kuna viboko na mamba. Na maji ya ufukweni yanaweza kukupa kichocho. Upande wetu wote uko ndani ya mbuga ya Virunga, inayosimamiwa na ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira, na usalama wa njia za kule unaujua wewe mwenyewe. Ziwa Kivu halina viboko wala mamba, lakini kwenye baadhi ya sehemu za ufuko karibu na Goma kuna mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na juu ya maji. Imeshaua waogeleaji. Ziwa Tanganyika lina maji maangavu na samaki wasiopatikana kwingine duniani, ila mamba na kichocho vipo huko pia.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi, pwani ni bora: Unguja, Pemba na Mafia kwa Tanzania, Diani, Watamu na Malindi kwa Kenya. Kuna matumbawe, kasa, taa na pweza, na walimu wengi wanaosema Kiswahili. Epuka Aprili na Mei, mvua za masika zinapochafua maji.

Kozi ya kwanza huchukua siku tatu au nne: masomo, mazoezi ya bwawani, kisha kuzamia mara nne baharini. Cheti chake hukuruhusu kufika mita 18. Utatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, kwa hiyo jifunze nyumbani kwanza. Zipo hoteli zenye bwawa. Utajaza pia fomu ya afya. Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla, na mjamzito asubiri. Bei ya kozi mara nyingi hupita dola 400, vifaa vikiwemo. Uliza mapema kama cheti na ada ya hifadhi ya bahari vimo. Ongeza nauli, pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama fedha haitoshi, kodi miwani ya maji na mrija uogelee juu ya matumbawe. Bei ni ndogo sana na samaki utawaona.

Na ile hesabu ya milimani? Hewa ina naitrojeni kwa asilimia 78. Unapozamia, gesi hiyo hujipenyeza kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda haraka, inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huumiza viungo, uti wa mgongo, hata ubongo. Ukishatoka majini, naitrojeni iliyobaki huondoka polepole kwa saa nyingi. Katika saa hizo, kupanda mlima ni sawa na kuendelea kupanda kutoka majini, kwa kuwa juu hewa inatubana kidogo. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Hata basi la usiku kutoka Mombasa linakufikisha Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, kabla ya asubuhi.

Ushauri unaotumika kwa ndege unafaa pia kwa safari hiyo ya basi: ukizamia mara moja tu, ngoja angalau saa 12, ukizamia mara nyingi au siku kadhaa, angalau saa 18. Mimi nakuomba ungoje saa 24 kamili. Panga siku ya mwisho pwani iwe ya sokoni, si ya kuzamia, na ulipie chumba chake mapema ili usishawishike kuondoka.

Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, usirudi majini wala usipande basi. Lala, upewe oksijeni, na mwalimu akupeleke kwenye chumba cha kanieneo, ambamo mgonjwa hubanwa tena kwa hewa na kuachiliwa taratibu. Chumba hicho usitegemee kukipata Beni wala Butembo. Dalili zikianza ukiwa umeshafika nyumbani, neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba ulizamia, siku gani na kina gani. Bila hilo, kwa uchovu na maumivu ya viungo, atakupima malaria na kukurudisha nyumbani.