SOMO LA MWEZI: KUMSIKILIZA MWENYE MOYO MZITO



Kila mmoja wetu amewahi kufikiwa na mtu mwenye dhiki. Anakaa, anashusha pumzi, anaanza kusema, na kabla hajafika mbali tumekwisha kumkatiza: "Usiwaze sana," au, "Mimi ningekuwa wewe ningeondoka." Basi anarudi na mzigo wake vile vile. Mwezi huu tujifunze kwa daktari mmoja wa Zimbabwe, na kwa akina bibi waliofanya kazi pamoja naye.

1. Daktari alikotoka

Dixon Chibanda ni daktari wa magonjwa ya akili. Alipoanza kazi hii, madaktari wa namna yake katika nchi nzima hawakufika 20, kwa watu zaidi ya milioni 10. Mwaka 2005 alikuwa akimtibu mwanamke kijana aliyeishi mbali na jiji. Hali yake ilipozidi, walikubaliana aletwe hospitali. Hakuletwa. Baadaye mama yake alipiga simu kusema kwamba binti amejiua. Daktari alipouliza kwa nini hawakuja, mama akajibu kwamba walikosa nauli ya basi, dola 15.

Jibu hilo lilimwingia moyoni. Akaona haifai mganga kukaa akingoja. Msaada lazima uende waliko watu. Mwaka 2006 akaanza katika mtaa wa Mbare, Harare. Hakupata wauguzi wala vyumba. Alipata akina bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani, na nafasi nje ya zahanati. Wakaweka benchi chini ya mti.

Mwanzo liliitwa benchi la afya ya akili, na watu waliona haya kulikalia. Akina bibi wakashauri jina libadilishwe, likawa Benchi la Urafiki. Hata ugonjwa waliuita kwa Kishona chao: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi.

2. Namna ya kushauri

Kwanza bibi huuliza maswali 14 juu ya juma lililopita: Je, ulikosa usingizi? Ulilia? Ulifikiri kujiua? Kisha hufuata hatua tatu.

(a) Kufungua mawazo. Mgeni anaeleza, bibi anasikiliza. Tuseme mama mmoja ana kodi ya nyumba isiyolipwa, mtoto mgonjwa, na ugomvi na mumewe. Yote yanatajwa, kisha mama mwenyewe anachagua moja la kuanza nalo. Anachagua kodi.

(b) Kuinua. Bibi hamwambii la kufanya. Anauliza, "Unaona kuna njia gani?" Mama anasema atakwenda kwa mwenye nyumba Jumatatu aombe kulipa nusu. Shauri ni lake, na anaondoka akiwa na jambo moja dogo la kutenda.

(c) Kuimarisha. Anarudi kueleza lilivyokwenda. Lisipofaa, wanatafuta jingine. Mazungumzo huweza kufika sita, kisha hukaribishwa katika kikundi cha wenzake, ambako husemezana huku wakifuma mikoba.

Aliye katika hatari ya kujiua haachwi aende zake. Hupelekwa kwa wenye ujuzi zaidi.

3. Matunda yake

Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573. Baada ya miezi sita, katika waliopata matunzo ya kawaida, karibu 50 kwa kila 100 walikuwa na sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka. Katika waliokaa na akina bibi, hawakufika 14 kwa 100. Baadaye mabenchi haya yalifika Malawi na hata Zanzibar.

Tuangalie basi: akina bibi hawakuwa na shahada. Walifundishwa kazi yao, wakasimamiwa, na wakajua kunyamaza mwenzao anaposema. Na walikuwa karibu, mahali pasipohitaji nauli.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wako, mwenye dhiki humwendea nani? Je, ni karibu?
2. Mtu alipokueleza shida yake mara ya mwisho, nani alisema zaidi, yeye au wewe?
3. Ni majina gani tunayowaita wagonjwa wa akili, yanayowafanya waogope kuonekana wakitafuta msaada?