Ukatoliki wa Jumatatu hadi Jumamosi

Misa ya Dominika haina shida sana. Kwaya inaimba, padre anahubiri, watoto wamependeza, na hata aliyepoteza uzoefu anasimama wenzake wanaposimama. Kazi iko kwenye siku sita zinazobaki. Vidokezo hivi ni vya Mkatoliki wa mjini mwenye ajira, watoto na foleni za barabarani, anayetaka imani yake ionekane pia siku ambayo kengele haijalia.

1. Nenda jumuiya kabla hujahitaji barua

Wengi huikumbuka Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo siku wanapohitaji barua yake, mtoto anapotakiwa kubatizwa au msiba unapobisha hodi. Hapo ndipo mwenyekiti anapouliza kwa heshima, "Samahani, unakaa nyumba ipi?" Aibu hiyo inaepukika.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walizifanya jumuiya hizi kipaumbele cha uchungaji katika miaka ya 1970, na mkutano wao wa Nairobi wa mwaka 1976 ulizijadili kwa kina. Hoja yao bado ina nguvu. Paroko mwenye maelfu ya waamini hawezi kujua nani hajala wala nani ameachwa na mume, lakini majirani wa mtaa mmoja wanajua. Injili ikisomwa sebuleni kwa mjane aliye na deni la kodi, kila aliyeketi pale anajua anachotakiwa kufanya kabla ya kuondoka.

Ukihamia mtaa mpya, mwulize katekista au mama yeyote wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, atakufikisha mpaka mlangoni. Jumuiya nyingi husali Jumamosi alfajiri, nyingine jioni ya siku ya kazi. Zamu ya kusali kwako ikifika, usikope hela ya pilau. Biblia na mahali pa kukaa vinatosha. Na kama jumuiya yenu imegeuka kikao cha michango, sema kwa upole lakini useme: Injili kwanza, daftari baadaye.

2. Soma masomo ya Dominika tangu Jumamosi usiku

Dakika kumi zinatosha. Misale ya Waumini ikiwapo nyumbani, mpe mtoto mmoja asome kwa sauti. Masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: Mwaka A husomwa zaidi Mathayo, Mwaka B Marko, Mwaka C Luka, na Yohane hupata nafasi kubwa wakati wa Pasaka. Kuujua mwaka ni rahisi: gawanya namba ya mwaka kwa tatu. Ikigawanyika bila baki, kama 2025, ni Mwaka C. Baki ya moja ni A, baki ya mbili ni B. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio, wiki chache kabla ya Januari.

3. Funga kwa kanuni, kisha upite kanuni

Kanuni zenyewe ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 hula mlo kamili mara moja, na vyakula viwili vidogo pembeni. Kuanzia miaka 14 mtu huacha nyama siku hizo na Ijumaa za Kwaresima. Mgonjwa na mjamzito hawabanwi. Ukihesabu kuanzia Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46. Toa Dominika sita, ambazo si siku za kufunga, ubaki na 40.

Kuacha nyama halafu kuagiza sato mzima na ndizi za kukaanga kwa bei mara mbili ni kutii sheria na kuukosa mfungo. Hela uliyoiokoa Ijumaa ina mwenyewe: ni ya mtu asiye na chakula. Iweke pembeni siku hiyohiyo, maana ikikaa kwenye simu itaisha kwenye vocha.

4. Usingoje ukumbi ndipo ufunge ndoa

Hapa nasema kwa uchungu. Katika parokia zetu wako wazazi waliokaa pamoja miaka kumi, wenye watoto watatu na mapenzi ya kweli, ambao kila Dominika hubaki kwenye benchi wengine wakienda kukomunika. Ukiwauliza kwa nini hawajafunga ndoa, mara nyingi kikwazo si imani. Hawana hela ya ukumbi, gauni, keki, magari na mshereheshaji, na wanaogopa watu watasema nini.

Kanisa linadai machache: wawili walio huru kuoana, ridhaa yao wenyewe, padre au shemasi mwenye mamlaka ya kufungisha ndoa, na mashahidi wawili. Kuna mafundisho na matangazo kabla, ni kweli. Lakini kamati ya harusi haimo kwenye orodha, wala kadi za mchango. Ndoa iliyofungwa katika Misa ya asubuhi siku ya kazi, mkimaliza mkanywa chai na mikate nyumbani, ni sakramenti kamili sawasawa na ile iliyofungiwa kanisa kuu. Mwoneni paroko, mwambieni wazi hali yenu ya kifedha. Na ninyi wazazi mnaoshikilia mahari mpaka shilingi ya mwisho, legezeni kidogo. Mwanenu anakosa Ekaristi kwa ajili ya ng'ombe wawili.

5. Ungama siku isiyo na foleni

Juma Kuu mistari ya maungamo huzunguka kanisa na padre amechoka. Nenda Jumanne ya kawaida. Kama umesahau jinsi ya kuanza, mwambie padre umesahau, atakuongoza. Kanisa linamtaka mwenye dhambi kubwa aungame angalau mara moja kwa mwaka, na siri ya kitubio haina mwanya: padre haruhusiwi kuitoa kwa askofu, polisi wala mkeo.

6. Rozari inatosha kwenye daladala

Jumatatu na Jumamosi matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano na Dominika ya utukufu, Alhamisi ya mwanga, yale aliyoyaongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002. Huna rozari mfukoni? Vidole ni kumi.

7. Tafuta mtakatifu anayeijua kazi yako

Tunawapenda Mashahidi wa Uganda, na inafaa. Karoli Lwanga na wenzake 21, waliouawa kati ya 1885 na 1887, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, na kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika Namugongo, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania. Ila kijana wa leo anaweza kuwaona mbali: mimi si mtumishi wa ikulu ya kabaka, nani ataniwinda kwa ajili ya sala?

Basi mtambulishe kwa Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Huyu alikuwa mtu wa Goma, mji wa Kiswahili. Alisoma, akapata ajira ya ukaguzi wa bidhaa zinazoingia nchini, na muda wake wa ziada aliwapa watoto wa mitaani kupitia Jumuiya ya Sant'Egidio. Wakaja watu na chakula kilichoharibika, wakataka akipitishe, wakampa rushwa. Akakataa, kwa sababu watu wangekila. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Karani wa bandari, mkaguzi, mhasibu, askari wa barabarani, afisa manunuzi: huyu ni wenu. Weka picha yake mezani ofisini, mahali ambapo anayekuja na bahasha ataiona.

8. Maswali ya majirani yajibu bila hasira

Jirani mlokole atauliza kwa nini mnamwabudu Maria. Hatumwabudu, tunamwomba atuombee, kama unavyomwomba mama yako. Sehemu ya kwanza ya Salamu Maria imetoka Luka sura ya kwanza, kwa malaika na kwa Elizabeti. Atauliza kwa nini Biblia yenu ina vitabu 73. Mwonyeshe Tobiti, Hekima na Wamakabayo, msome naye ukurasa mmoja. Usipojua jibu, Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 imepangwa vizuri: Kanuni ya Imani, Sakramenti, Amri, Sala. Anza na sehemu ya sala, ndiyo iliyo karibu zaidi na moyo. Ubishi wa kushindana mistari uache. Hujaona aliyeongoka kwa kuzidiwa sauti.

9. Mwite padre mgonjwa akiwa bado anaongea

Familia nyingi huogopa kuita padre, zikiamini mafuta ya Mpako wa Wagonjwa yanaleta kifo. Kwa hiyo padre huitwa mgonjwa akiwa ameshapoteza fahamu, hawezi tena kuungama wala kupokea Komunyo, na wakati mwingine padre hukuta wanafunga taya. Mpako ni wa mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, wa mzee aliyedhoofika, wa anayesubiri upasuaji mkubwa, na unaweza kurudiwa hali ikibadilika.

Hifadhi namba ya parokia kwenye simu leo, na uwape watoto wakubwa pia. Andaa meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba, mshumaa na maji ya baraka. Mgonjwa akiwa hospitali, mwulize muuguzi kama kuna padre anayehudumia wodi. Kama hayupo, piga parokia iliyo karibu na hospitali hiyo, usingoje paroko wako avuke mji mzima. Kisha mjulishe mwenyekiti wa jumuiya, watu waje kusali na waje na uji.