Sayansi ya Plastiki Katika Kuunda Magari ya Mfano ya Zamani

Mtu anayefungua leo sanduku la gari la mfano lililotengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 huweza kukuta jambo la kustaajabisha. Sanduku hilo halijapata kufunguliwa, wala halikuwekwa karibu na moto. Hata hivyo, tairi moja imezama katika bodi ya gari, na mahali ilipolala plastiki imelainika ikaacha chapa ya mistari ya tairi. Wanafunzi wengi wamewahi kuona jambo la namna hiyo bila kulitilia maanani: kifutio kilichokaa muda mrefu ndani ya mkebe pamoja na rula ya plastiki hung'ang'ania rula hiyo, na kinapobanduliwa huacha shimo.

Ni nini kinachoyeyusha plastiki pasipo moto? Jibu la swali hili, pamoja na mambo mengine ambayo muundaji wa magari ya mfano hana budi kuyafahamu, ndilo somo la makala haya.

Asili ya magari yenyewe

Hotirodi ni gari la zamani, aghalabu Ford, lililopunguzwa uzito na kutiwa injini yenye nguvu zaidi ili liende kasi. Desturi ya kuyageuza magari hivyo ilikua kusini mwa California katika miaka ya 1930. Vijana wa huko walishindana mbio juu ya ardhi tambarare ya maziwa yaliyokauka, kama vile Muroc na El Mirage. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, na gari hilo likawa kipenzi cha mafundi hao. Jarida la Hot Rod lilianza kutolewa mwaka 1948, na chama cha mbio cha NHRA kiliundwa mwaka 1951.

Si kila kijana aliyeyapenda magari hayo aliyeweza kuwa nayo. Ndipo makampuni kama Revell, Monogram na AMT yalipoanza kuuza seti za vipande vya plastiki ili mnunuzi ajiundie gari dogo nyumbani. Mwaka 1958 AMT ilianza kutoa seti ambazo kwa vipande vile vile mtu aliweza kuchagua kuunda gari la kawaida, gari lililopambwa au gari la mashindano. Revell nayo ilitoa mifano ya magari yaliyobuniwa na Ed Roth, miongoni mwake Outlaw na Beatnik Bandit. Nyingi za seti hizo zilikuwa za kipimo cha 1/25, yaani kila urefu wa gari halisi uligawanywa kwa 25.

Baadhi ya kalibu za wakati huo zimetumika tena kutoa matoleo mapya. Nyingine zilibadilishwa ili zitoe magari ya aina nyingine, na kile zilichokitoa mwanzo hakiwezi kutolewa tena. Kwa hiyo mtu mwenye seti ya asili ana kitu ambacho kikiharibika huenda asipate badala yake. Hiyo ndiyo sababu ya kujifunza kwanza, kisha kushika gundi.

Tabia za polistireni

Plastiki iliyotumika katika seti hizo ni polistireni. Mwaka 1839 Eduard Simon, mtengeneza dawa wa Berlin, alipata kimiminika kutoka katika utomvu wa mti, nacho kilipowekwa kikagandamana. Hakujua sababu yake. Ni katika miaka ya 1920 ambapo mwanakemia Hermann Staudinger alionyesha kuwa vitu vya jinsi hiyo ni minyororo mirefu mno ya molekuli ndogo zilizoshikana. Minyororo kama hiyo huitwa polima.

Katika polistireni minyororo hiyo imelala ovyo, mfano wa tambi zilizopikwa na kupoa. Inapopashwa joto hadi karibu nyuzi 100 za Sentigredi, minyororo huanza kuteleza na plastiki hulainika. Kiwandani plastiki iliyoyeyushwa husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kutolewa ikiwa na umbo la kalibu. Inapopoa husinyaa kwa kiasi cha nusu asilimia hivi. Sehemu nene huchelewa kupoa, kwa hiyo huvuta uso wake ndani na kufanya kishimo. Aidha, minyororo iliyonyooshwa na msukumo huganda kabla haijajikunja, na hivyo mkazo hubaki umefungiwa ndani ya kipande.

Mkazo huo hujitokeza baadaye. Fremu ndefu na nyembamba ya hotirodi, iliyolala miaka mingi chini ya uzito wa vipande vingine, hutoka sandukuni ikiwa imepinda. Kuinyoosha kwa nguvu ikiwa baridi ni kuivunja. Njia iliyo salama ni kuitia katika maji ya vuguvugu, kuongeza joto la maji kidogo kidogo pasipo kufikia kuchemka, kuinyoosha taratibu, kisha kuitia katika maji baridi ikiwa imeshikwa kwa umbo linalotakiwa.

Kwa nini hotirodi ni ngumu kuliko magari mengine

Katika gari la kawaida makosa mengi hufichwa na boneti, madigadi na sakafu. Hotirodi imevuliwa sehemu hizo. Injini, mabomba ya moshi, ekseli na fremu vyote viko wazi. Tena baadhi ya seti za Revell za miaka ya 1960 zilikuwa na milango, boneti na buti vinavyofunguka, na bodi yenyewe ilikuja katika vipande kadhaa. Seti hizo zimewashinda wengi, na sababu yake inaelezeka kwa hesabu.

Kwanza, kosa dogo huonekana kubwa. Katika kipimo cha 1/25, mwanya wa milimita 0.2 kando ya mlango ni sawa na mwanya wa milimita 5 katika gari halisi. Rangi yenye unene wa milimita 0.04 ni sawa na rangi yenye unene wa milimita 1 juu ya gari halisi, unene ambao hakuna fundi ambaye angeukubali. Ndiyo maana mlango unaofunga vizuri kabla ya kupakwa rangi huweza kukataa kufunga baadaye: rangi imepakwa pande mbili za mwanya, nayo imeujaza.

Pili, makosa hujumlishana. Tuseme vipande 10 vinafuatana kutoka fremu hadi ncha ya bomba la moshi, na kila kimoja kina kosa la milimita 0.1. Makosa yote yakielekea upande mmoja, ncha itakuwa nje ya mahali pake kwa milimita 1. Yakiwa ya ovyo, huku mengine yakipunguza mengine, kosa la jumla kwa kawaida hukaribia milimita 0.1 mara kipeuo cha pili cha 10, yaani milimita 0.3 hivi. Hata hilo latosha kuzuia bomba lisipite kando ya fremu.

Tatu, kuna suala la magurudumu. Kigoda cha miguu mitatu hakitikisiki hata juu ya sakafu mbovu, maana nukta tatu daima huwa katika bapa moja. Kitanda cha miguu minne hutikisika, na gari ni kama kitanda. Ikiwa fremu imejipinda kidogo tu, gurudumu moja litaning'inia hewani, na kwa kuwa hotirodi haina madigadi kila mtazamaji ataliona. Dawa yake ni kuunganisha fremu juu ya kipande cha kioo kinene, ambacho ni bapa, na kuibana hapo hadi gundi ikauke kabisa.

Kutokana na hayo yote, kanuni ya kwanza ya kazi ni kukusanya gari zima bila gundi. Vipande hushikizwa kwa utepe wa kunata, kasoro huandikwa, na kila kipande husuguliwa kwa tupa au msasa mpaka kikae mahali pake. Muundaji asiyefanya hivyo hugundua kosa la kipande cha kwanza anapofika kipande cha kumi, wakati ambapo hakuna kinachoweza kurudishwa nyuma.

Gundi na kazi yake

Gundi ya kawaida hushika vitu viwili kwa kukaa katikati yao. Gundi ya polistireni hufanya kazi tofauti. Ina kiyeyushi, kwa mfano toluini au butanoni, ambacho huingia kati ya minyororo ya polima na kuiachanisha. Nyuso mbili zilizolowa zinapobanwa pamoja, minyororo ya upande huu huingia upande ule. Kiyeyushi kinaporuka hewani, pande mbili huwa kitu kimoja. Huko ni kuunga kama afanyavyo mchomeleaji wa chuma.

Kwa hiyo gundi nyingi si nguvu nyingi. Kiyeyushi kikizidi hulainisha kipande chembamba kabisa, na ekseli ya mbele ya hotirodi, ambayo huenda ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, hulegea na kupinda. Tone dogo lililopakwa kwa brashi nyembamba latosha.

Vipande vinavyong'aa kama kromu vina shida ya peke yake. Mng'ao huo si wa kromu bali wa alumini. Kiwandani vipande hupakwa vanishi, huwekwa katika chombo kilichoondolewa hewa, kisha alumini hupashwa joto mpaka igeuke mvuke na kutua juu yake. Utando unaopatikana huwa na unene usiofika milimita 0.001, lakini huo na vanishi iliyo chini yake hukizuia kiyeyushi kisiifikie polistireni. Muundaji anayepaka gundi juu ya mng'ao anaunganisha utando na utando, na kiungo chake hubanduka. Ni lazima akwangue mahali pa kiungo mpaka plastiki ionekane.

Tairi inayokula gari

Sasa turudi kwenye sanduku lililotajwa mwanzoni. Tairi nyingi za seti hizo si mpira bali ni polivinili kloridi, plastiki ile ile ya mabomba magumu ya maji. Ili iwe laini kama mpira, huchanganywa na vimiminika viitwavyo vilainishi. Molekuli za vilainishi ni ndogo, tena hazikufungamana na minyororo ya polima. Zimejipenyeza tu kati yake. Miaka inavyopita hutembea mpaka usoni mwa tairi. Zikikuta polistireni imegusana na tairi, huingia na kuilainisha, kama ifanyavyo gundi, ila polepole mno. Joto na mbano huharakisha jambo hilo. Kifutio na rula ni kisa hicho hicho.

Uharibifu huo haurudishwi, bali huzuiwa. Mwenye seti ya zamani hana budi kutenga tairi na vipande vingine vyote, na kuweka sanduku mahali pa baridi. Gari likisha kuundwa, karatasi nyembamba ya alumini izungushwe juu ya rimu kabla ya kuvisha tairi, kwa kuwa vilainishi havipenyi metali.

Usalama wa muundaji

Kiyeyushi kinachopenya plastiki hupenya pia mwili wa binadamu. Mvuke wa toluini huingia damuni kupitia mapafu na kufika ubongoni. Kwanza huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Ukivutwa mara kwa mara kwa wingi huharibu mishipa ya fahamu. Katika miaka ya 1960 Marekani ilikumbwa na tatizo la vijana kunusa gundi za magari ya mfano kwa makusudi, na baadaye mafuta ya haradali yenye harufu kali yakatiwa katika baadhi ya gundi ili kuwazuia. Toluini hiyo hiyo imo katika gundi nyingi za viatu, ambazo watoto wa mitaani wa Nairobi na miji mingine wamekuwa wakizinusa. Kazi ifanywe karibu na dirisha lililo wazi, chupa ifunikwe kila baada ya kutumika, na mtoto asiachwe peke yake na gundi.

Watu wengine huondoa mng'ao ulioharibika kwa dawa ya kung'arisha nguo, ambayo ina alkali inayoyeyusha alumini. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na asidi, kwa maana hutoa gesi ya klorini, ambayo huweza kuua.

Mazoezi

1. Gari halisi lina urefu wa mita 4. Mfano wake wa kipimo cha 1/25 utakuwa na urefu gani? (Jibu: milimita 160.)

2. Tuseme gari la kilo 1,000 linapunguzwa kwa kipimo hicho kwa urefu, upana na kimo, likiwa la vitu vile vile. Uzito wake utakuwa gramu ngapi? (Jibu: 25 × 25 × 25 ni 15,625; kwa hiyo gramu 64.)

3. Kwa nini bomba gumu la maji haliharibu polistireni, ilhali tairi ya plastiki ya jamii hiyo hiyo huiharibu?

4. Weka kifutio laini cha plastiki juu ya rula ya zamani, na kingine juu ya rula iliyofunikwa karatasi ya alumini. Vibane na kuviacha kwa miezi mitatu, kisha linganisha. Andika ulichokiona na ueleze sababu yake.