Misuli imelegea, kope zimevimba: apime nini?

SWALI: Daktari, mume wangu ni mchimbaji mdogo hapa Geita. Siku hizi anashindwa hata kuinuka kwenye kigoda, na kope zimevimba, zina rangi ya zambarau. Zahanati wanasema ni ini. Apime nini?

JIBU: Pole sana, dada. Dalili hizo zinafanana na dematomiositisi: kinga ya mwili hushambulia misuli na ngozi. Aanze na kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya kinachovuja misuli inapoumia. AST na ALT, vinavyojulikana kama vipimo vya ini, vimo pia kwenye misuli. Vikipanda, msihukumu ini kabla ya kuona CK. Hata hivyo, CK ya kawaida haiufuti ugonjwa huu. Apimwe pia VVU na homoni za tezi ya shingo.

Vipimo vya kingamwili, kama Jo-1 na Mi-2, na uchunguzi wa kinyama cha msuli ni kazi ya hospitali kubwa. Ombeni rufaa ya Bugando, Mwanza. Kwa kuwa anavuta vumbi la mgodini, achunguzwe mapafu na kifua kikuu kabla ya kuanza dawa za kushusha kinga. Watu wazima huchunguzwa saratani pia.

Akipaliwa au kukosa pumzi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.