Zinki na Kuhara kwa Mifugo Michanga

Katika vijiji vinavyoizunguka Kizimbani, mwanachama anayefiwa na ndama kwa kuhara hupoteza maziwa ya miaka ijayo pamoja na samadi ya bustani yake. Si ajabu basi kwamba unga wa zinki unaosifiwa kuzuia kuhara huulizwa kwa hamu. Yafaa makatibu waelewe sifa hiyo ilikotoka kabla ya kuutia unga huo katika orodha ya manunuzi.

Ilitoka katika mabanda ya nguruwe ya Ulaya. Huko mtoto wa nguruwe huachishwa ziwa akiwa na umri wa wiki nne hivi. Chakula hubadilika ghafula, vinyweleo vya utumbo wake hufupika, chakula hakisagiki sawasawa, nao bakteria waharibifu hupata riziki. Ilionekana kwamba oksaidi ya zinki, yenye gramu 2.5 za zinki katika kila kilo ya chakula kwa wiki mbili, hupunguza kuhara huko. Hiyo ilikuwa dawa, wala si lishe, kwani mnyama huyo huhitaji miligramu 100 hivi tu katika kilo. Iliyozidi ilitoka na kinyesi, ikarundikana katika udongo, na ikachangia kuenea kwa bakteria wasiosikia dawa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Juni 2022.

Unguja nguruwe ni nadra, lakini kanuni ya samadi ni ile ile: kilichozidi katika hori huishia kwenye tuta la mchicha. Tena kondoo hudhurika upesi kwa zinki nyingi.

Upungufu nao upo. Pumba na mashudu vina fitati, inayoishika zinki isifyonzwe na utumbo wa kuku. Na katika ardhi ya maweni, yenye chokaa nyingi, mimea huipata zinki kwa shida. Ng'ombe huhitaji miligramu 40 hivi katika kilo ya chakula kikavu, na mchanganyiko wa kawaida wa madini hukidhi haja hiyo.

Ndama anayehara kwanza huhitaji maji, kwa sababu aghalabu kinachomuua ni kukaukiwa. Apewe mara kwa mara maji safi ya vuguvugu yenye chumvi na sukari kidogo, asinyimwe maziwa, na akilegea aitwe daktari wa mifugo. Kinga yake huanza na dang'a, ambayo hupaswa kuipata ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa.

Katibu anunuapo madini asome kiasi cha zinki na aina ya mnyama aliyekusudiwa. Mfuko usio na maandishi hayo usipokelewe ghalani.