El-Roi: Jina la Mungu Kinywani mwa Mtumwa

Tunapojifunza majina ya Mungu katika Agano la Kale, mara nyingi tunaanza na El-Shadai, Mungu Mwenyezi, au jina ambalo Musa alifunuliwa penye kichaka kilichowaka moto (Kut 3:14-15). Leo tutazame jina tusilolisikia sana: El-Roi, yaani Mungu anionaye (Mwa 16:13).

Aliyelitamka si nabii wala mfalme. Ni Hagari, mtumwa Mmisri, mjamzito, aliyekimbilia jangwani kwa sababu ya mateso ya bimkubwa wake Sarai. Katika sura hiyo, Abramu na Sarai wanapomzungumzia hawamtaji jina. Kwao ni mjakazi tu. Malaika wa Bwana ndiye anayemwita: Hagari. Naye aliyeitwa kwa jina akampa Mungu jina. Hata mwanawe ataitwa Ishmaeli, maana yake Mungu husikia.

Basi, Mungu alimwona yule ambaye nyumba ya Abramu, baba wa imani, haikumwona. Sisi waseminari tunaweza kulieleza jina El-Roi vizuri kwenye mtihani, na bado tusijue jina la mama anayetupikia. Tuanzie hapo: tumuulize jina lake.